Jicho la Lillian Gilbreth

Kazi ya ushauri elekezi haina jina zuri mitaani, na wenye kazi hiyo wamejitakia. Mgeni anafika na suti na kompyuta yake, anakaribishwa chumba cha mikutano chenye kiyoyozi, anawahoji wakuu wawili watatu, kisha anaacha ripoti nene inayowaeleza wenyeji mambo ambayo mfagiaji wa ofisi angewaeleza bure. Nimesoma ripoti nyingi za namna hiyo. Huenda ndiyo maana nilipokutana na habari za Lillian Gilbreth, Mmarekani aliyebaki peke yake na kampuni ya ushauri elekezi mwaka 1924 baada ya kufiwa na mumewe, nilivutiwa kwanza na namna alivyotazama kazi ya mtu mwingine. Ujane wake na watoto wake kumi na mmoja, ambavyo waandishi wengi huanza navyo, nilivisoma baadaye.

Alizaliwa Oakland, California, mwaka 1878, akaitwa Lillian Moller. Familia ilikuwa na uwezo, naye alikuwa mtoto wa aibu nyingi, kiasi kwamba miaka ya mwanzo alifundishwa nyumbani. Mwaka 1900 alihitimu Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akasimama kuhutubia kwenye mahafali, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo chuoni hapo. Miaka minne baadaye akaolewa na Frank Gilbreth, mjenzi mzaliwa wa Maine, mtu wa maneno mengi na vicheko, ambaye hakusoma chuo kikuu. Shule yake Frank ilikuwa ukuta wa matofali.

Ukuta huo unastahili kusimuliwa, maana kampuni yao yote ilizaliwa pale. Frank alipoanza kujifunza uashi mwaka 1885, akiwa na miaka 17, aliona kwamba kila fundi ana namna tatu za kujenga: moja ya kumwonyesha mwanagenzi, ya pili ya siku ya kazi ya taratibu, na ya tatu ya siku ya kukimbizana. Akataka kujua ipi ndiyo yenyewe. Akahesabu. Kuweka tofali moja kulichukua miondoko 18. Fundi aliinama kuchukua tofali chini, akaligeuzageuza mkononi kutafuta uso mzuri, akainama tena kuchota udongo. Frank akabuni jukwaa linalopandishwa kadiri ukuta unavyopanda, likiwa na ubao wa kuwekea matofali na udongo karibu na usawa wa kiuno, na vibarua wakayapanga matofali mapema na uso mzuri ukielekea upande unaotakiwa. Miondoko ikashuka hadi chini ya mitano. Mafundi waliokuwa wakiweka matofali 120 kwa saa wakafika 350.

Watu husoma hesabu hiyo wakaona mbio. Mimi naona mgongo. Fundi mwashi anayeinama kwa kila tofali ananyanyua, pamoja na tofali, nusu ya mwili wake mwenyewe, mara mia kadhaa kwa siku. Jukwaa lile lilimwondolea mzigo ambao hakuna mwajiri aliyewahi kumlipa kwa kuubeba. Frank aliliona hilo kwa jicho la fundi. Aliyelipatia maneno, akaliwekea misingi ya elimu, alikuwa mkewe.

Lillian alikuwa amesoma saikolojia, na wakati huo wahandisi wa viwanda hawakuwa na habari nayo. Mtu aliyetamba alikuwa Frederick Taylor, mwenye saa ya kuhesabia sekunde mkononi, akipima kazi ichukue muda gani. Swali la Lillian lilikwenda kwa yule anayepimwa. Anachoka kwa nini? Anajua nini ambacho msimamizi wake hakijui? Ataendelea na njia hii mpya mgeni akishaondoka? Mwaka 1914 majibu yake yalitoka kama kitabu, The Psychology of Management. Mchapishaji hakutaka ijulikane kwamba mwandishi ni mwanamke, basi jaladani pakaandikwa L. M. Gilbreth tu. Mwaka uliofuata akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Brown, akiwa tayari na watoto kadhaa nyumbani. Berkeley walikuwa wamemnyima shahada hiyo, licha ya tasnifu yake ya kwanza, kwa sababu hakukaa chuoni muda uliotakiwa na kanuni, naye akaandika nyingine, kuhusu kuondoa upotevu katika ufundishaji.

Sasa nieleze walivyotazama, maana hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Kuanzia mwaka 1912, kwenye kiwanda kimoja cha mashine mjini Providence, walianza kupiga filamu za wafanyakazi. Nyuma ya mtu paliwekwa ukuta uliochorwa miraba, na pembeni saa iliyotengenezwa na Frank yenye mkono unaokimbia kuonyesha sehemu ndogo sana za dakika. Filamu ikishasafishwa, waliipitisha picha moja moja, wakaandika mkono wa kulia uko wapi, wa kushoto uko wapi, saa inasema nini. Kazi ambayo mfanyakazi aliimaliza kwa nusu dakika iliwashughulisha kwa saa nyingi. Na mara nyingi waligundua jambo ambalo mfanyakazi mwenyewe hakulijua: mkono wa kulia unahangaika peke yake, wa kushoto umegeuzwa mshikio tu.

Kamera haikuwatosha. Walimfunga mfanyakazi kitaa kidogo cha umeme kidoleni, wakapunguza mwanga wa chumba, wakaiacha lenzi wazi akiendelea na kazi. Kwenye picha mkono ulipotea, ukabaki mstari mweupe unaopinda hewani. Kisha wakapata wazo la kuukatakata umeme wa kitaa kile kwa vipindi sawa, na mstari ukatoka kwa vipande: mkono ulipokwenda kasi vipande vilirefuka, uliposita vikafupika na kubanana. Kusitasita, ambako msimamizi angekuita uvivu, kukaonekana kuwa mahali ambapo chombo kimewekwa vibaya. Mwisho walikunja waya kufuata mstari uleule, wakamkabidhi mfanyakazi aushike, aupitishie kidole, aujue mwendo wa mkono wake mwenyewe kama kitu chenye umbo. Sijui darasa lolote la ufundi lenye adabu kuliko hilo. Mtu hapewi amri. Anapewa picha ya kazi yake aitazame.

Kutoka kwenye filamu hizo walichambua kazi yoyote ya mikono katika vitendo 17 vya msingi, baadaye 18. Kuna kutafuta, kuona, kuchagua, kushika, kubeba, kuunganisha, kutumia, kukagua, kuachia. Kuna kungoja kwa namna mbili, kule kusikoepukika na kule ambako mtu angeweza kukuepuka. Kuna kupanga, pale mtu anaposimama akifikiri hatua ifuatayo. Na kuna kupumzika. Hicho cha mwisho ndicho kinachonifanya nirudi kwenye orodha yao. Katika zama ambapo msimamizi alimwona mtu aliyekaa kama mwizi wa saa, orodha ya kihandisi ilikitaja kitendo cha kupumzika kama sehemu ya kazi, na chati zao zilikipa rangi yake kama vingine.

Lillian alilichukulia jambo hilo kwa uzito. Mwaka 1916 yeye na Frank walitoa kitabu kizima juu ya uchovu, na humo mna habari ya wasichana waliokuwa wakikunja vitambaa vya mkono kiwandani. Saa yao ilipangwa upya: dakika tano za kazi, moja ya kupumzika, wakati fulani wamekaa, wakati fulani wamesimama, na saa ikikaribia kwisha mapumziko marefu zaidi. Vitambaa vilivyokunjwa vikazidi mara tatu ya vile vya awali. Katika miaka hiyohiyo walikusanya viti, hasa vile ambavyo wafanyakazi walivikatakata na kuviongeza miguu ili vifae, wakavionyesha kama makumbusho. Mimi ningelipa kiingilio.

Tarehe 14 Juni 1924 Frank alikuwa kituo cha treni cha Montclair, New Jersey, karibu aanze safari ya kwenda Ulaya kwenye mikutano miwili. Alimpigia mkewe simu, na katikati ya mazungumzo moyo ukasimama. Mtoto mkubwa alikuwa na miaka 18, mdogo karibu miaka miwili. Walizaliwa kumi na wawili. Mmoja alikufa kwa dondakoo mwaka 1912. Siku chache baada ya mazishi Lillian alipanda meli, akaenda London na Prague kwa niaba ya mumewe. Wapo waliosema wakati ule, na wapo wanaosema leo, kwamba mama hakupaswa kuwaacha watoto msibani. Mimi naona alielewa hali yake vizuri kuliko wote. Kampuni ilikuwa ni jina tu, na jina lisipoonekana kwenye mikutano ile lingekufa pamoja na mwenyewe.

Hata hivyo wateja waliondoka. Mikataba haikufanywa upya. Wenye viwanda waliokuwa wakila chakula mezani kwake, wakijua kabisa kwamba nusu ya kichwa cha kampuni ni yeye, hawakuwa tayari kumwona mwanamke akizunguka kwenye karakana kuwaambia wanaume jinsi ya kusimama. Shahada ya uzamivu na vitabu havikusaidia kitu.

Alichofanya baada ya hapo ndicho ninachokihesabu kuwa ujanja mkubwa wa kazi yake. Kama hawakutaka aende viwandani, viwanda vije kwake. Januari 1925 alifungua shule ya kuchunguza miondoko nyumbani kwake Montclair, makampuni yakamtumia watu wao wafundishwe. Meneja ambaye asingempokea Lillian mlangoni kwake alimpokea bila shida kijana wake mwenyewe aliyerudi na mafunzo ya Lillian kichwani. Wengine wakaja kutoka nchi za mbali. Ada ziliendesha nyumba, na wanafunzi wakawa mlango wa mikataba mipya.

Mlango mwingine ulikuwa mwembamba, naye akauingia bila kujifanya anaupenda. Biashara zilizohusu wanawake zilihitaji mtu wa kuzungumza na wanawake. Duka kubwa la Macy's mjini New York lilimwita kuhusu kazi ya wauzaji na makeshia, na huko alisimama mwenyewe nyuma ya kaunta akiuza, kabla hajapendekeza chochote. Wale makeshia walipokea pesa zilizorushwa kwa upepo ndani ya mabomba kutoka kila ghorofa, kelele mfululizo, mwanga mbaya wa kuumiza macho, na kunakili kwa mkono maandishi yaliyokwisha kuandikwa kwingine. Alishughulikia kelele, akashughulikia mwanga, akafuta kunakili. Hayo ni mambo ambayo kila msichana wa pale angeyataja kama angeulizwa. Kazi ya mshauri ilikuwa kuuliza, kisha kuwa na jina ambalo bosi atalisikiliza.

Kampuni ya Johnson & Johnson ilimtaka kwa jambo ambalo siku zile halikutamkwa mbele za watu: pedi za hedhi. Kampuni iliyoongozwa na wanaume ilikuwa ikitengeneza kitu ambacho hakuna kati yao aliyewahi kukivaa, na wanunuzi waliona haya hata kukiomba dukani. Gilbreth na wasaidizi wake walikusanya majibu ya wanawake zaidi ya 1,000, wakapima bidhaa zilizokuwa sokoni moja baada ya nyingine, na mwanzoni mwa mwaka 1927 akatoa ripoti. Ilisema wazi kwamba pedi zilikuwa kubwa mno na ngumu, kwamba wanawake walikuwa wakizikata na kuzitengeneza upya nyumbani, na kwamba walitaka kitu kisichoonekana chini ya nguo na kinachonunuliwa bila kujieleza. Wale wanawake wenye mikasi walikuwa ni walewale wafanyakazi wa viwandani waliokatakata viti vyao. Gilbreth aliwajua. Popote mtu alipokirekebisha kifaa alichopewa, yeye aliona shauri limeshatolewa na mwenye kujua, bado kuandikwa tu.

Kisha jikoni. Hapa lazima nicheke kidogo, maana mama huyu hakuwa mpishi na wala hakupenda kupika. Nyumbani kwake walipika wengine. Lakini alijua kutazama. Mwaka 1929 alitengeneza jiko la mfano kwa kampuni ya gesi ya Brooklyn, ambayo mkuu wake, Mary Dillon, naye alikuwa mwanamke aliyeanza kama karani na kupanda hadi kiti cha juu. Katika majiko ya Wamarekani wakati ule, meza ilikuwa huku, jiko la moto kule, vyombo kabatini chumba cha pili. Gilbreth aliweka meza ya kazi ubavuni mwa jiko, chakula juu yake, sufuria chini yake, friji hatua moja tu, na kimeza chenye magurudumu cha kusogeza vitu. Wakampima mpikaji mmoja akitengeneza keki ya stroberi katika jiko la kawaida na katika lile jipya. Vitendo vilishuka kutoka 97 hadi 64. Hatua za miguu zilishuka kutoka 281 hadi 45.

Na alisisitiza jambo ambalo watengeneza makabati wamelisahau hadi leo: kimo cha meza kifuate kimo cha anayeitumia. Alipofanya kazi na General Electric alihoji wanawake zaidi ya 4,000 kutafuta usawa unaofaa wa sinki na majiko. Magazeti humpa sifa ya kubuni pipa la taka la kukanyaga kwa mguu na rafu za mlango wa friji, na hivyo ndivyo vitu ambavyo watu humkumbuka navyo. Mimi siyajali sana mapipa. Mtu aliyekwenda kuuliza watu elfu nne kuhusu kimo cha sinki ananishangaza zaidi.

Yapo ya kumlaumu, na nisiyafiche. Vyama vya wafanyakazi Marekani viliwaogopa watu wa saa na kamera, na viliogopa kwa haki: mara nyingi kazi ilirahisishwa, pato la kiwanda likapanda, na mshahara ukabaki ulipokuwa. Gilbreth aliandika kwamba faida igawanywe na mfanyakazi, lakini mshauri hana mamlaka juu ya daftari la mishahara, na yeye aliendelea kuchukua mikataba. Majiko yake yalisaidia pia kuuza gesi na friji. Ndiyo sababu alilipwa. Tena alipunguza hatua za mwanamke jikoni bila kuuliza kwa sauti kubwa kwa nini awe mwanamke tu anayetembea humo, ingawa vitabu vyake viliitaka familia nzima, baba na watoto, igawane kazi za nyumba, na nyumbani kwake mwenyewe iligawanywa kweli.

Lakini kuna kazi moja inayonifanya nimsamehe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza yeye na Frank walikuwa wamechunguza jinsi askari waliokatwa viungo wangeweza kurudi kazini, wakatoa kitabu mwaka 1920. Alilirudia jambo hilo miaka ya 1940, na mwaka 1948 akasaidia kuandaa jiko kwa ajili ya wanawake wenye maradhi ya moyo, ambamo mtu anapika ameketi na kila kitu kinafikiwa bila kunyanyua wala kuinama. Zile filamu, vile vitaa vya kidoleni, ile hesabu ya hatua, vyote vilikuwa vimebuniwa ili kiwanda kitoe zaidi. Mikononi mwake vikaja kumwezesha mtu ajipikie mwenyewe, hata yule ambaye daktari alimwambia akae kitandani. Sioni kama njia yake ilibadilika. Tangu mwanzo aliuliza mwili huu unaweza nini bila kuumia.

Mengine ya maisha yake nayapita haraka. Chuo Kikuu cha Purdue kilimfanya profesa mwaka 1935, mwanamke wa kwanza kufika ngazi hiyo katika uhandisi pale. Rais Hoover alimwita Washington mwaka 1930 kushughulikia ukosefu wa ajira. Watoto wote kumi na mmoja walisoma chuo kikuu. Wawili kati yao waliandika kitabu cha vichekesho juu ya familia yao mwaka 1948, kikawa filamu miaka miwili baadaye, na tangu hapo dunia inamjua kama mama wa watoto wengi na mume mwenye vituko. Kitabu kinafurahisha. Hasara yake ni kwamba kampuni, kazi iliyowalisha wote hao, imekuwa pambo la nyuma ya hadithi.

Mwaka 1965 alichaguliwa kuwa mwanamke wa kwanza katika Akademia ya Taifa ya Uhandisi ya Marekani, na mwaka uliofuata akapewa Nishani ya Hoover, ambayo hadi wakati huo wahandisi walikuwa hawajampa mwanamke yeyote. Alifariki Phoenix, Arizona, tarehe 2 Januari 1972, akiwa na miaka 93. Vitabu vya menejimenti bado vinaliandika jina la Frank kwanza. Frank alikuwa mvumbuzi, na bila ukuta wake wa matofali pengine tusingekuwa na hadithi yoyote. Lakini mshauri elekezi, mtu wa kuingia mahali pa kazi pa wengine akatazama, akauliza na kuandika alichosikia, kati ya wale wawili alikuwa mkewe.